Lagos Ilikuwa Mbali, Kampala Iko Karibu

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, tarehe 8 Machi 1980 Taifa Stars waliingia uwanjani mjini Lagos kufungua fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya wenyeji, Nigeria. Walikuwa wamefika huko baada ya kuitoa Zambia mwaka 1979, kwa ushindi wa bao moja nyumbani na sare ya 1-1 kule Ndola. Bao la Ndola lilifungwa na Peter Tino, na mpaka leo ukilitaja mbele ya mzee yeyote aliyekuwa na akili zake wakati ule, atasimama kidogo kabla ya kukujibu. Jella Mtagwa alikuwa kikosini. Leodegar Tenga, ambaye baadaye aliongoza chama cha mpira nchini, alikuwa beki. Kocha alikuwa Mpolandi, Slawomir Wolk. Nigeria walitufunga 3-1, Misri wakatufunga 2-1, na tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Timu nane tu ndizo zilizocheza fainali zile, na sisi tulikuwa mojawapo.

Habari za wachezaji wale zimeandikwa sana, na zinastahili. Wiki hii ninataka kuuliza habari za mtu mwingine ambaye hakuna aliyemwandika, yaani mtazamaji. Mkazi wa Shinyanga, wa Kahama, wa Mwadui au wa Geita ambaye mwaka ule alitamani kwenda Lagos kuishangilia timu ya nchi yake, angekwendaje? Angeanzia wapi kupanga safari hiyo?

Tuanze na fedha, kwa kuwa safari zote huanzia hapo. Kwa hesabu za serikali dola moja ya Kimarekani ilikuwa shilingi 8 na senti kidogo. Ukisikia hivyo leo utadhani mambo yalikuwa rahisi. La hasha. Bei hiyo iliandikwa kwenye karatasi za benki, lakini dola zenyewe hazikuwapo kwa mtu wa kawaida. Fedha za kigeni zilitolewa kwa kibali, na mwenye kauli ya mwisho alikuwa Benki Kuu. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Majeshi yetu yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mafuta yalikuwa ya shida, sukari ilipangiwa foleni, sabuni ilikuwa habari ya kuambiana jirani kwa jirani kwa sauti ya chini. Katika hali hiyo, hebu mfikirie mwananchi aliyepanda ngazi za benki mjini Mwanza na kusema anaomba dola za kwenda kutazama mpira.

Tuseme basi fedha amezipata, kwa miujiza. Sasa njia. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ilikuwa inapita Shinyanga, na kwa hiyo angepanda treni hadi Tabora na kuendelea hadi Dar es Salaam, siku moja na nusu ikiwa mambo yamekwenda vizuri, na mambo hayakuwa yakienda vizuri kila wiki. Mtu wa Geita alikuwa na kazi ya ziada: kwanza aisubiri feri ya Busisi avuke kwenda Kigongo, ndipo afike Mwanza kwenye treni. Akishafika Dar es Salaam angehitaji ndege. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limekufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, na Air Tanzania iliyozaliwa mwaka huo huo ilikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Pengine angesema aende Nairobi kwa basi, akapande ndege huko. Haiwezekani. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Je, apitie Uganda? Uganda ya Machi 1980 haikuwa nchi ya kupita mtu na mkoba wake akielekea mpirani. Serikali zilikuwa zinabadilika na bunduki zilikuwa mikononi mwa watu wengi mno. Kwa hiyo ukiichora ramani ya mwaka ule ukiwa Shinyanga, utaona barabara ya kaskazini imefungwa kwa siasa, ya magharibi imefungwa kwa vita, na ya kusini inakupeleka Dar es Salaam, ambako safari inaishia kwenye dirisha la benki.

Jambo la ajabu ni kwamba mechi ile ya Ndola, iliyotupeleka Lagos, ilikuwa inafikika. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, na mwisho wake ni Kapiri Mposhi, mwendo mfupi tu kabla ya Ndola. Mtu wa Shinyanga aliyekuwa na muda wa kutosha na kibali cha kusafiri angeweza kutoka kituo chake cha treni hadi mkoa wa shaba wa Zambia karibu safari nzima akiwa juu ya reli. Ninaitaja njia hii kwa sababu watu husahau kwamba wakati ule tulikuwa tumeunganishwa na kusini vizuri kuliko tulivyounganishwa na Nairobi.

Na hapa pana kituko kimoja cha historia ambacho mtu wa Geita anapaswa kukijua. Tarehe 21 Januari 1980, wiki saba tu kabla ya mechi ya Lagos, bei ya dhahabu katika soko la London ilipanda hadi dola 850 kwa wakia moja, bei ambayo dunia haikuwahi kuiona. Mgodi wa Geita, uliokuwa mkubwa katika Afrika Mashariki enzi za mkoloni, ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1966. Kwa hiyo watu walikuwa wanatembea juu ya dola, wanalima mihogo juu ya dola, na dola za nauli hawana. Sisemi kwamba mgodi ungekuwa wazi basi wananchi wangekwenda Lagos. Tumeona baadaye kwamba mgodi kuwa wazi na mwananchi kuwa na nauli ni mambo mawili tofauti.

Vitu vya kwetu vimezoea kusafiri kabla ya watu. Mwaka 1947 machimbo ya Mwadui, aliyoyaanzisha Mkanada John Williamson mwaka 1940, yalitoa almasi ya rangi ya waridi ambayo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake. Jiwe lilifika London, likachongwa, likawekwa kwenye bruchi ya platinamu. Mwaka uliofuata London iliandaa michezo ya Olimpiki. Wanamichezo wetu waliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1964, kule Tokyo.

Wakati ule, ndugu msikilizaji, hata mwanamichezo mwenyewe hakuwa na uhakika wa safari yake. Filbert Bayi aliishangaza dunia kule Christchurch mwaka 1974 kwa kukimbia mita 1,500 kwa rekodi mpya ya dunia. Ulimwengu mzima ukasubiri akutane na John Walker wa New Zealand katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Nchi yetu na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 ikawa kinyume chake. Rais Carter wa Marekani alitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow, na mwezi Februari akamtuma Muhammad Ali mwenyewe kuja Dar es Salaam kutushawishi. Wananchi walimshangilia bondia wao, lakini Mwalimu hakukubali kuonana naye kwa ujumbe ule. Tukaenda Moscow, na Bayi akarudi na medali ya fedha ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi, na Suleiman Nyambui, mtoto wa kanda hii ya Ziwa, akarudi na fedha ya mita 5,000. Mpaka leo taifa halijapata medali nyingine ya Olimpiki. Safari za michezo zilikuwa zinapangwa Ikulu, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba zote mbili, ile ya kususia na ile ya kwenda, zilipangwa kwa haki.

Mwananchi wa kawaida alibaki na redio. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mtu wa Shinyanga aliyetaka habari za mpira wa mbali alinunua betri, akaitega Radio Tanzania Dar es Salaam, na kama betri zimekaribia kufa alizianika juani kwanza. Mimi nilizaliwa miaka hiyo hiyo na niliikuta desturi hii bado hai nyumbani. Nakiri kwamba ndiyo iliyonipeleka kwenye kazi hii ninayoifanya. Lakini kusikiliza si kwenda, na wazee wetu hawa walikuwa watu wa kwenda.

Ninasema hivyo kwa ushahidi. Usukumani watu walikuwa wanapanga safari za kwenda kwenye mashindano kabla ya mpira kupigwa teke hata moja katika nchi hii. Yapo makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambayo yamekuwa yakishindana vizazi kwa vizazi. Baada ya mavuno, wakati ghala limejaa na jembe limepumzika, makundi haya hupambana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi hupatikana kwa namna ambayo hakuna refa wa CAF anayeijua: kundi litakalovuta watazamaji wengi zaidi ndilo limeshinda. Ndiyo maana wacheza ngoma hubeba nyoka, hubeba fisi, hupanda juu ya miti mirefu, na hutafuta dawa za kuvutia umati. Sherehe ya Bulabo inayofanyika Kisesa na Bujora, karibu na Mwanza, imeendeleza mashindano hayo tangu enzi za Padri David Clement, aliyeanzisha kituo cha utamaduni cha Bujora miaka ya 1950. Watu walikuwa wanatoka mbali kwa miguu na kwa baiskeli, wamefunga chakula, wamepanga watafikia kwa nani. Katika mchezo huo mtazamaji ndiye anayeamua mshindi. Asipofika, ngoma imeshindwa.

Sasa mtu aliyelelewa katika desturi hiyo unamwambiaje kwamba kazi yake katika mpira ni kukaa nyumbani na kusikia?

Mambo yalianza kufunguka polepole. Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa mwaka 1983, njia ya Sirari ikafufuka, na mwaka 1987 Nairobi ikaandaa Michezo ya Afrika katika uwanja mpya wa Kasarani. Kwa mtu wa kanda yetu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano makubwa ya bara zima kuwa mahali anapoweza kufika kwa basi, bila ndege na bila bahari. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na ule mwendo wa kupiga magoti mbele ya Benki Kuu ukaisha. Vijana wa leo hawaijui furaha ya kuingia dukani na shilingi na kutoka na dola bila kuulizwa ni za nini. Mwaka 1993 Simba ikafika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan, ikapata sare ugenini, na Uwanja wa Taifa ukajaa pomoni kwa mechi ya marudiano. Rais Mwinyi alikuwapo. Simba ilifungwa 2-0 na watu wakarudi mikoani kimya kimya. Nadhani ndiyo treni iliyokuwa na ukimya mkubwa kuliko zote zilizowahi kupita Tabora.

Kisha ikaja televisheni, na baada yake dishi. Katika machimbo ya Geita, Nyarugusu na Rwamgasa, na kule Kahama pia, yakaota mabanda ya kuonyeshea mpira, yale ambayo watu wa mjini huyaita vibanda umiza. Jenereta linanguruma nje, mabenchi ya mbao ndani, joto la kuivisha ndizi. Kijana aliyeshinda kwenye karasha akisaga mawe anaingia na vumbi lake mgongoni, na kwa ada ya kikombe cha chai anaiona Ulaya nzima. Banda limefanya kazi kubwa na silidharau. Lakini limetuzoeza pia kuamini kwamba mpira mkubwa ni kitu kinachotokea kwingine. Kijana wa Katoro anakutajia viunga vya London ambavyo hajawahi kuvikanyaga, na ukimuuliza basi la Kampala linaondoka saa ngapi hajui.

Mwaka 2019 Stars walirudi fainali za Afrika, kule Misri, baada ya miaka 39, chini ya kocha Emmanuel Amunike. Walifungwa mechi zote tatu. Ivory Coast, mwanzoni mwa mwaka 2024, walitoka sare mbili. Morocco, katika fainali zilizoanza Desemba 2025, walivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia na kutolewa na wenyeji kwa bao moja tu. Katika safari zote hizo tulikuwa na mashabiki uwanjani, jambo ambalo mwaka 1980 lingekuwa ndoto. Lakini ni akina nani waliokwenda? Wengi ni waliopelekwa na makampuni na kamati za hamasa, wafanyabiashara, viongozi na Watanzania wanaoishi nje. Mkulima wa pamba wa Kishapu na mwenye duara wa Nyarugusu walikuwa bandani.

Wapo watakaosema, hiyo ni mbali, mbona nyumbani hawazuiwi? Basi tuangalie nyumbani. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu, na msimu wake wa kwanza wa 2021/22 ikamaliza nafasi ya nne, huku mshambuliaji wake George Mpole akiibuka mfungaji bora. Ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika na kupangiwa Hilal Alsahil ya Sudan. Mji mzima wa Geita uliona kwamba sasa Afrika inakuja kwao. Haikuja. Mechi ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 1,100, kwa kuwa kwa mashindano ya CAF uwanja lazima uwe na sifa zake. Huo ni mji wenye mgodi wa dhahabu mkubwa kuliko yote nchini, uliofunguliwa upya mwaka 2000, na timu yake imedhaminiwa na mgodi huo huo. Timu ilitolewa, na msimu wa 2023/24 ikashuka daraja. Mimi sina ugomvi na masharti ya CAF. Ninachosema ni kwamba mtu wa Geita alihitaji kupanga safari ya siku mbili, kwenda na kurudi, ili aitazame timu yake ikiwa mwenyeji.

Shinyanga nayo ina Kambarage, uwanja uliowahi kuiona Stand United, Chama la Wana, ikipambana na wakubwa, na majirani zao Mwadui wakipambana nao wote. Siku hizo mji ulikuwa na raha yake. Lakini mashindano ya kimataifa Kambarage haijayaonja.

Ndiyo maana habari ya mwaka 2027 ni kubwa kwetu. Tarehe 27 Septemba 2023 CAF ilitangaza kwamba fainali za mwaka huo zimepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Uwanja mpya kwa ajili ya fainali hizo umejengewa Arusha. Haukujengewa Mwanza, haukujengewa Shinyanga. Watu wa kanda hii wamelalamika, nami nimepokea barua na simu nyingi za malalamiko hayo. Ninawaelewa. Lakini nawaomba waitazame ramani tena, ile ile tuliyoitazama ya mwaka 1980.

Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 990. Kutoka Geita kupitia Biharamulo, Bukoba na Mutukula hadi Kampala ni kati ya kilometa 600 na 700, nusu ya safari ya Dar es Salaam na ziada kidogo. Nairobi kupitia Sirari nayo ni karibu kuliko Dar es Salaam, hata ukianzia Shinyanga mjini. Arusha kwa njia ya Singida na Babati ni vivyo hivyo. Mtu wa Geita anayekwenda Nairobi haisubiri tena feri, maana daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Zile njia zilizofungwa kwa siasa na kwa vita zipo wazi. Kwa mara ya kwanza mtu wa kanda hii yuko katikati ya mashindano, ana miji mitatu mbele yake, na mwenye kuishi Dar es Salaam ndiye aliye pembeni. Bado kuna watu watakaopanga kwenda Dar es Salaam kwa mazoea tu, wakapite kilometa 1,000 wakati mechi nzuri inachezwa Namboole.

Tulipata mazoezi mwezi Agosti 2025, nchi hizi tatu zilipoandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Stars waliifungua kwa kuifunga Burkina Faso 2-0 Dar es Salaam, wakaongoza kundi lao, na kutolewa robo fainali na Morocco, ambao baadaye walitwaa kombe kule Kasarani. Kwa mwenye kupanga safari, yapo ya kujifunza ambayo si ya uwanjani. Kule Kasarani watu waliingia kwa nguvu bila tiketi, na CAF ikapunguza idadi ya watazamaji na kuamuru tiketi za kielektroniki tu. Aliyetoka mbali akidhani atanunua tiketi mlangoni kwa mlanguzi, kama tulivyozoea, hakuwa na njia. Tiketi ya siku hizi iko kwenye simu au kwenye kadi, na inaisha kabla basi halijafika Sirari.

Pana tahadhari nyingine ambayo historia inatupa. Kenya ilikuwa imepewa fainali za Afrika za mwaka 1996, zikaishia Afrika Kusini. Ikapewa CHAN ya mwaka 2018, zikapelekwa Morocco miezi michache kabla. Sisemi kwamba yatatokea tena, na ile ya 2025 imethibitisha kwamba tunaweza. Ninasema tu kwamba mtu asimpe mtu mwingine fedha za chumba cha wageni wala za tiketi kabla ya ratiba ya mechi kutangazwa na kabla ya kujua Stars wamepangwa mji gani. Matapeli hawasubiri ratiba. Tayari wapo wanaojiita mawakala, wanazunguka na daftari kwenye minada na kwenye masoko ya dhahabu, wanaandikisha majina na kupokea malipo ya awali kwa safari ambayo haina tarehe. Mwenye duara ambaye duara lake limetema juzi ndiye windo lao la kwanza, kwa kuwa ana fedha taslimu na hana subira.

Kinachoweza kuanzwa mapema bila hofu ni pasipoti. Mwananchi wa Afrika Mashariki hahitaji viza kwenda Kampala wala Nairobi, lakini anahitaji hati ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mpakani huulizwa. Pasipoti inadai cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, na huko ndiko wengi wa vijijini na machimboni wanakokwama, kwa sababu walizaliwa nyumbani na jina lao limeandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu. Kulirekebisha jina huchukua miezi. Atakayeanza wiki ya ufunguzi ataikuta fainali imekwisha.

Fedha nazo tunajua namna ya kuziweka. Akina mama wa Kahama wamejenga nyumba kwa vikoba, na wachimbaji wamenunua makarasha kwa kuchangiana. Watu 30 wanaoweka kidogo kidogo kila wiki wanakodi basi lao wenyewe, wanabeba mchele wao na sufuria yao kama walivyofanya wazee waliokwenda Bulabo, na hawamtegemei wakala wala kamati ya hamasa. Chama cha mpira cha kila mkoa katika kanda hii kingeweza kuandikisha vikundi vya namna hiyo na kuviombea tiketi za pamoja, na kazi hiyo haihitaji bajeti ya wizara. Nimeuliza katika ofisi mbili tatu kama kuna mpango huo. Nilijibiwa kwamba wanasubiri maelekezo kutoka juu.